Kuacha Nyama na Samaki Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kuhamia Ulaji wa Mboga

Mwenyeji wa Mombasa akiuliza "leo kitoweo nini?" hatarajii kujibiwa kwamba ni pojo. Kitoweo, katika masikio yetu, ni samaki, nyama au kuku, na vinginevyo vyote huhesabiwa kuwa vya kusindikizia. Ugumu wa kuacha nyama katika mji huu umo katika mazoea hayo, wala haumo katika uhaba wa vyakula, kwa kuwa vyakula vipo tele: mbaazi za nazi na mahamri ya asubuhi, pojo kwa wali, kunde kwa sima, maharagwe ya nazi kwa chapati, muhogo wa tui, bamia, mabiringanya na mboga za majani za kila namna. Nyumba nyingi za pwani hupitisha siku nzima bila nyama wala hazihesabu kuwa zimefanya jambo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuugeuza ulaji huo uwe wa kila siku, asidhoofike, na asilazimike kutafuta vyakula ambavyo havipatikani katika masoko yetu ya Marikiti na Kongowea.

Ningependa msomaji ashike jambo moja kabla ya mengine: usianze kwa kuondoa nyama, anza kwa kuzoea kupika mikunde, yaani pojo, kunde, mbaazi, maharagwe na jamii yake. Mimi nilifanya kinyume chake. Niliacha nyama, kuku na samaki kwa mkupuo mmoja, nikabaki na wali, chapati, chai, sukuma wiki na viazi vya karai, na baada ya miezi minne nilikuwa siwezi kupanda ngazi za nyumba yetu bila kusimama kushika ukuta. Nilipopimwa, himoglobini yangu, yaani ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa gramu 9.6 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Mboga hazikunidhuru. Kilichonidhuru ni kwamba nilikiondoa kitoweo nisiweke kitoweo kingine mahali pake.

Kabla ya kuanza: amua unaacha nini, kisha pima damu

Wako wanaoacha nyama, kuku na samaki lakini wakaendelea na maziwa na mayai; wako wanaoacha mayai pia, kama walivyo Wahindu wengi na Wajaini (wafuasi wa dini nyingine ya asili ya India) wa mji huu; na wako wasiotumia chochote kitokacho kwa mnyama, hata samli na asali. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kubaki na maziwa na mayai angalau kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu vitu hivyo viwili huziba mapengo ambayo mgeni wa ulaji huu hajajua bado kuyaziba kwa njia nyingine.

Nenda ukapime himoglobini kabla hujabadilisha chochote. Pwani yetu ina sababu nyingi za upungufu wa damu ambazo hazihusiani na nyama, zikiwemo malaria, minyoo ya safura na ugonjwa wa selimundu, na mtu akianza akiwa tayari ana damu pungufu hatajua baadaye kilichomwangusha. Mwanamume anatakiwa awe na 13 kwenda juu. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kisukari anayetumia dawa na mwenye selimundu wazungumze kwanza na daktari wao. Kwa mgonjwa wa figo hasa, wingi wa mikunde unaweza kuleta madhara kwa sababu ya potasiamu na fosforasi iliyomo.

Hatua ya kwanza: sufuria ya mikunde, wiki mbili za mwanzo

Katika wiki hizi mbili endelea kula kitoweo chako kama kawaida, lakini hakikisha kila siku nyumbani kuna sufuria moja ya mikunde iliyoiva. Anza na nusu kikombe kwa mlo, kisha ongeza taratibu hadi ufike kikombe kizima, kwa kuwa tumbo lisilozoea hujaa gesi, na wengi huacha kwa sababu hiyo tu. Gesi hupungua ukiloweka na kuyamwaga maji ya kulowekea, ukitia tangawizi na bizari nyembamba, na baada ya wiki chache tumbo lenyewe huzoea. Wapishi wa Kigujarati hutia chembe ya mvuje katika mafuta ya moto kabla ya kumimina daali, yaani dengu zilizopasuliwa. Wazee wetu wanaujua mvuje zaidi kama dawa ya watoto, lakini hutumika jikoni pia, nao hupatikana katika maduka ya viungo ya Marikiti.

Maharagwe, mbaazi kavu na dengu nzima hulowekwa kwa muda wa saa 8 hadi 12. Pojo na kunde hutosheka na saa 2 hadi 4, na daali nyekundu iliyokobolewa haihitaji kulowekwa. Katika joto la Februari na Machi, maji yakikaa usiku kucha juu ya meza huanza kutoa povu na harufu ya uchachu, kwa hivyo ama ubadilishe maji kabla ya kulala au uliweke bakuli kwenye friji. Kuloweka na kuyamwaga maji yale kuna faida nyingine isiyoonekana, nayo ni kupunguza faiteti, dutu iliyomo ndani ya nafaka na mikunde ambayo huyashika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini.

Maharagwe mekundu yana sumu ambayo huvunjwa na moto mkali tu. Lazima yachemke kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguziwa moto, na asiyeyafanyia hivyo, akayaacha yaive polepole juu ya makaa yaliyofifia, anaweza kutapika na kuharisha. Chumvi si tatizo kubwa, lakini nyanya, ndimu na ukwaju visiingie mpaka punje ziwe laini, kwa kuwa uchachu huzifanya zikakamae. Maji nayo yana neno lake. Nyumba nyingi za Mombasa hutegemea maji ya kisima, na maji mazito ya kisima, yaani yenye madini mengi, huchelewesha mikunde kuiva. Nilihangaika na mbaazi kwa miezi, nikamlaumu muuzaji kwamba ananiuzia za zamani, mpaka siku niliyopikia maji ya kununua zikaiva kwa nusu ya muda. Magadi husaidia, ila yawe kidogo sana, kwa sababu huiharibu vitamini B1. Mwenye uwezo anunue sufuria ya presha. Sijui chombo kingine cha jikoni kinachomsaidia zaidi mtu asiyekula nyama.

Pika kilo moja kwa pamoja, igawe katika vibakuli, na uvigandishe kwenye friza. Jioni unayorudi umechoka, kile kibakuli ndicho kitakachokuzuia usipitie kwa muuza mishkaki.

Pojo za nazi, zinavyopikwa hatua kwa hatua

Nazieleza kwa urefu kwa sababu anayezijua hizi amejua pia kunde, mbaazi na maharagwe. Kwa watu wanne, chukua vikombe viwili vya pojo, uzipete kwa uteo, uchague mawe, uzioshe na uziloweke. Zichemshe kwa maji mapya hadi zipasuke. Wakati huo ikune nazi moja, tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, uifinyange vizuri kwa mkono na uikamue kwa kifumbu. Hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudia mara mbili kwa maji mengine upate tui jepesi.

Mimina tui jepesi juu ya pojo zilizoiva, pamoja na kitunguu kilichokatwa, nyanya mbili, kitunguu thomu kilichotwangwa, bizari ya manjano kijiko kidogo, chumvi, na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, ili itoe harufu bila kuwasha. Ziache zichemke mpaka mchuzi uwe mzito na zile nyanya zipotee ndani yake. Tui zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, nawe ukikoroga bila kuacha, maana likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakapanda juu na maji yakabaki chini. Mara tu unapoona linafurukuta pembeni mwa sufuria, epua, kisha ukamulie ndimu.

Nazi ina mafuta mazito, kwa hivyo anayekula mikunde kila siku asiipike kwa tui kila siku. Siku tatu kwa wiki kwa nazi, na nyingine kwa kitunguu na nyanya, ni kipimo kizuri.

Hatua ya pili: ondoa nyama nyekundu, kisha kuku

Wiki ya tatu na ya nne ondoa ng'ombe na mbuzi. Wiki ya tano na ya sita ondoa kuku. Pilau ndiyo huwatia watu wasiwasi zaidi, lakini rangi na harufu ya pilau hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa hudhurungi iliyokolea, pamoja na bizari, mdalasini, iliki na karafuu. Ukikikatiza kitunguu mapema, pilau huwa nyeupe na chapwa, iwe na nyama au isiwe nayo. Tia viazi, njegere na korosho za kukaanga, nayo itakuwa pilau kamili.

Kwa biriani, tumia vipande vya soya vilivyokaushwa. Viloweke kwa maji ya moto dakika 15, uvikamue sana mpaka visitoe maji, kisha uvilaze saa moja katika mtindi, tangawizi, thomu, ndimu na bizari. Kukamua ndiko kunakosahauliwa, na soya isiyokamuliwa hubaki na ladha ya karatasi. Panir, ile jibini mbichi ya Kihindi, hufaa pia, na fenesi bichi likipatikana ni bora kuliko vyote viwili, kwa sababu nyuzi zake hushika masala.

Hatua ya tatu: samaki wa mwisho

Miongozo mingi humweka samaki pamoja na nyama nyingine. Kwa mtu wa Mombasa nashauri awe wa mwisho, wiki ya saba na ya nane, kwa kuwa huyu ndiye kitoweo tulicholelewa nacho na ndiye anayetamanisha zaidi. Nilichogundua ni kwamba nikitamani samaki wa kupaka, mara nyingi ninachotamani ni ule moshi wa makaa, ukwaju na tui lililokauka juu yake. Biringanya hupokea vyote hivyo. Lipasue kwa urefu bila kulitenganisha, lichome juu ya makaa mpaka liwe laini, kisha ulipake mchuzi mzito wa tui, ukwaju, thomu, pilipili na bizari, ukiligeuza na kulipaka tena mara tatu au nne, kila safari ukiacha mchuzi ukauke kidogo.

Kwa kumwacha samaki unapoteza pia mafuta ya omega-3 na madini ya aidini. Kijiko kimoja cha mbegu za chia au za kitani zilizosagwa kila siku husaidia kwa la kwanza, na chumvi ya pakiti iliyotiwa aidini hutosha kwa la pili. Chumvi ya mawe isiyotiwa aidini haitoshi.

Damu: chuma, chai na ndimu

Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama. Ndiyo maana mapendekezo ya lishe ya Marekani humtaka asiyekula nyama apate mara 1.8 ya kiwango cha kawaida: kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ni kiasi cha miligramu 32 kwa siku badala ya 18, na kwa mwanamume miligramu 14 badala ya 8. Kiwango hicho hufikiwa kwa mikunde ya kila siku, mboga za majani, ufuta, wimbi na unga ulioongezwa madini. Unga wa pakiti wa mahindi na wa ngano nchini Kenya unatakiwa kisheria uongezwe chuma na zinki tangu 2012, ilhali ule unaosaga mwenyewe kwenye kinu cha mtaani hauna nyongeza hiyo.

Kipo kizuizi kimoja kikubwa mezani petu, nacho ni chai. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, hukizuia chuma cha mimea, nasi tuna desturi ya kuinywa pamoja na mahamri na mbaazi, yaani wakati ule ule ambao chuma kinaingia tumboni. Kunywa chai yako saa moja kabla au saa moja baada ya kula. Badala yake weka vitamini C katika mlo wenyewe: ndimu juu ya mbaazi, kachumbari, embe bichi, pera, au maji ya ubuyu usiotiwa sukari nyingi. Badiliko hilo, pamoja na vidonge vya chuma nilivyoandikiwa na daktari, ndilo lililoirudisha damu yangu.

Mchicha, matembele, mnavu na kisamvu viwe sehemu ya kila siku. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe bila kifuniko, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi inayotoka na mvuke. Kwa upande wa kalsiamu usiutegemee mchicha, kwani kalsiamu yake hufungwa na oksaleti, dutu iliyomo ndani ya majani yake. Tegemea maziwa, mtindi, sukuma wiki na ufuta.

Vitamini B12, isiyo na mbadala wa shambani

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Kikombe cha maziwa hutoa kiasi cha 1.2 na yai moja kiasi cha 0.5, kwa hivyo anayetumia vikombe viwili vya maziwa na yai moja amejitosheleza. Maziwa kidogo ya kwenye chai hayafikii kipimo hicho. Asiyetumia maziwa wala mayai lazima ameze vidonge vya B12, wala asidanganywe na maneno kwamba mlonge, hamira au mwani, hata huu unaolimwa Kibuyuni kule Kwale, vitamtosheleza. Vina faida zao, lakini kwa vitamini hii haviaminiki. Ini la mtu huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hivyo mtu anaweza kujisikia mzima kwa muda mrefu, kisha ganzi ya vidole na usahaulifu vikaanza, na mishipa ya fahamu ikishadhurika haiponi yote kila mara.

Protini huulizwa sana ingawa ndiyo rahisi zaidi. Mtu mzima anahitaji kiasi cha gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina takriban gramu 11, cha pojo 14, cha maziwa 8, na konzi ya njugu 7. Hizo ni 40 kabla hujahesabu wali na chapati.

Nje ya nyumba

Ukisema "sili nyama" mkahawani, utaletewa kuku, na aliyekuletea hajakosea, kwa sababu nyama kwa wengi wetu ni ng'ombe na mbuzi. Sema wazi kwamba huli nyama, kuku wala samaki, na uulize kama maharagwe yamepikwa kwa supu ya nyama au kwa vidonge vya mchuzi. Katlesi na mkate mayai huwa na nyama ya kusaga, sambusa huwa za namna zote mbili, na bhajia wakati mwingine hukaangwa katika mafuta yaliyokaangia samaki. Tahadhari kubwa zaidi ni kuishi kwa viazi vya karai, bhajia na mahamri: havina nyama, lakini ni wanga na mafuta, navyo ndivyo vilivyonifikisha nilikofika.

Migahawa ya Kigujarati mjini ndiyo kimbilio bora, kwa kuwa huko asiyekula nyama haombi radhi kwa mtu. Wajaini, ambao hekalu lao liko Langoni, huenda mbali zaidi, wengi wao wakiacha hata viazi, vitunguu na thomu. Sikushauri uwaige kwa hilo, lakini onja daali na mboga zao ujifunze jinsi wanavyotia viungo.

Kwa harusi na matanga, zungumza na mwenyeji mapema na faraghani. Bibi yangu alidhani nimekasirishwa na kitu nilipokataa sahani ya biriani mbele za watu. Siku hizi humpigia simu siku moja kabla, nikamwamkia, nikamwambia, "Bibi, kesho nitakuja na kunde zangu za nazi, nazo zitatosha watu wote." Hujibu, "Njoo nazo, mjukuu wangu, lakini nyingi." Ramadhani ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa futari yetu ya muhogo, ndizi, viazi vitamu na kunde haina nyama tangu zamani, kinachohitaji mpango ni daku, nayo iwe na mikunde, yai au mtindi ili mchana usikulemee. Mwenye kuchinja Idi Kubwa anaweza kuigawa nyama kwa jamaa na maskini.

Watoto, na kipimo cha pili

Watoto wana matumbo madogo, na sahani iliyojaa majani na wali huwashibisha kabla hawajapata wanachohitaji. Wape mikunde iliyopondwa, siagi ya njugu, parachichi, mayai na maziwa, wala usimwondolee mtoto maziwa na mayai kwa pamoja bila kumwona daktari wa watoto.

Rudi ukapime himoglobini miezi mitatu tangu siku uliyomwacha samaki, na baada ya mwaka uombe pia kipimo cha B12. Ikiwa himoglobini imeshuka, tazama kwanza wakati unaokunywa chai, kisha hesabu ni siku ngapi katika wiki iliyopita ulikula kikombe kizima cha mikunde. Zikipungua tano, rudi kwenye hatua ya kwanza kwa wiki mbili; zikiwa zimefika na damu bado iko chini, mwombe daktari apime safura na akiba ya chuma, kwa kuwa hapo sababu huenda haimo katika chakula.